Hodi ya Saa Tisa

“Jana nimeingia kwenye huo mji wenu,” Severa alisema, akikata uzi kwa meno. “Nimefika sokoni, hakuna mtu. Naambiwa upepo unavuma kutoka baharini. Nikasema haya, upepo hata hapa barazani upo, tena hauli bando. Nikatoka.”

Celina alicheka, ingawa tangu alfajiri moyo wake haukuwa wa kucheka. Alikuwa amesimama kwenye kizingiti cha duka, anampimia mteja vifungo vya shati kwa kopo kama watu wanavyopima karanga. Duka lilikuwa la kaka yake, Heriel: vifungo, zipu, lasi, nyuzi za kila rangi, kwenye kimtaa kimoja cha Kariakoo kinachokatiza Mtaa wa Kongo. Severa, fundi wa nguo za kike, alikuwa amepanga baraza la duka hilo mwaka wa sita sasa. Na mwanamke akikaa mlangoni kwa watu miaka sita, hakuna siri inayompita bila kumsalimia.

“Hukukaa,” Celina alisema mteja alipoondoka. “Ungeandika ‘nenda kaskazini’, ungefika kwenye mnara wa taa.”

“Nikifika nifanyeje?”

“Unauona.”

“Nauona na nini, shoga yangu? Picha hata ya kusingiziwa hakuna. Maandishi matupu kama risiti ya luku.” Severa aliweka gauni mapajani. “Hebu nijibu. Huo mchezo una watu wangapi?”

“Wawili.”

“Wewe na yeye.”

“Mimi na yeye.”

“Sasa hapo unacheza nini? Hata bao halinogi bila watu wa kukaa pembeni kubishana. Mchezo wa watu wawili siyo mchezo, Celina. Ni chumba.”

Celina aliinamisha macho. Barabarani vijana wa nguo walikuwa wameshawasha vipaza sauti vyao, kila kimoja kinataja bei ileile kwa sauti tofauti.

“Hapa tuko maelfu,” Celina alisema. “Tangu asubuhi nani kaniuliza nimelalaje?”

“Mimi nimekuuliza.”

“Umeuliza, ndiyo. Hukusubiri jibu.”

Severa alitunga uzi sindanoni. Akarudi kwenye gauni lake.

Mchezo wenyewe uliitwa Mji wa Zumari, na aliyeutunga alikuwa mwalimu mstaafu aliyetaka watu wasome hata wakiwa wanacheza. Hakukuwa na picha. Uliandika unachotaka kufanya, na mji ukakujibu kwa maneno. Zamani, jioni ulikuta humo watu arobaini: manahodha, wachuuzi, wezi, hata kadhi. Kisha ikaja michezo ya magari na bunduki, ikaja na ya kubeti, wakaanza kuhama mmoja mmoja, kama kijiji ambacho kisima chake kimekauka.

Mwalimu yule alikulia pwani, na adabu za pwani akazitia humo. Nyumba ya mtu huingii mpaka upige hodi. Mwenye nyumba akiandika “karibu”, mlango unafunguka. Asipojibu, unapiga ya pili, kisha ya tatu. Tatu zikipita kimya, unakwenda zako kama mtu aliyelelewa: barabara inakurudisha sokoni, na mlango ule huugusi tena mpaka kesho yake. Tena mji huo hauweki barua. Neno likishasomwa limepotea, hakuna pa kulitafuta.

Humo ndimo Celina, aliyejiita Karafuu, alimokutana na mtu aliyejiita Fundi Taa, ambaye kazi yake ilikuwa kuwasha mnara. Walizungumza mwaka mzima bila kujuana sura. Siku moja mtu yule akataja, kwa kupitiwa tu, kwamba mvua imemlowesha Mchikichini na cherehani ya mteja. Mchikichini. Mwendo wa miguu kutoka dukani. Celina alikwenda kesho yake amevaa gauni la bluu, kama Karafuu wa mchezoni, akamkuta kijana mrefu wa Masasi, Isidori, anatengeneza cherehani chini ya turubai. Alipoinua macho hakuuliza huyu ni nani. Alisema, “Karafuu, umechelewa. Taa nimeshawasha.”

Miezi minane walipendana kama watu wasiojua kwamba wengine wapo. Kisha Heriel akajua.

“Mtu anatengeneza cherehani za wenzake, yeye mwenyewe hana hata moja,” Heriel alisema. “Mdogo wangu, mimi nimekuleta mjini nikuone unakaa chini ya turubai?” Akachukua simu ya Celina, akavunja laini. Hayo Celina angeyaweza. Hakuyaweza ya mama yao, Mama Matilda, aliyeletwa kutoka Machame kutibiwa moyo, akalazwa, na akiwa bado na dripu mkononi akamwambia binti yake: “Niapie kwa uhai wangu. Hutampigia, hutamwandikia barua, hutakutana naye.” Celina ana miaka ishirini na tisa, lakini mbele ya mama mgonjwa mtu mzima hurudi kuwa wa miaka saba. Aliapa.

Mchezo hawakuutaja. Nyumbani hakuna aliyeujua. Na simu ya duka, ile ya wateja kulipia, ilikuwa inakaa na yeye mchana kutwa.

“Na kiapo?” Severa alimuuliza sasa, bila kuinua kichwa.

“Sijampigia. Sijamwandikia barua. Sijakutana naye.”

“Humo mnafanya nini?”

“Tunacheza.”

“Ukimwambia Mungu hivyo,” Severa alisema, “sijui kama naye atacheka.”

Saa tano Heriel alitoka kwenda kutoa mzigo, na Celina akaketi nyuma ya maroli ya zipu, akafungua mji. Waliomo mjini: 2. Hodi ilipigwa papo hapo. Aliandika “karibu”, na mji ukamwambia kwamba Fundi Taa ameingia, ameketi kwenye kiti cha ukindu.

“Umeamkaje, Karafuu?”

“Salama. Wewe je, umekula?”

“Sijala. Nina neno, na nikila litashuka na chakula.”

Celina aliangalia mlangoni. Severa alikuwa ameligeuzia duka mgongo, cherehani inakwenda.

“Sema.”

“Umeona idadi? Leo wawili. Jana wawili. Wiki nzima wawili.”

“Tunatosha.”

“Wewe unatosha. Mimi nimechoka kukalia kiti cha maneno. Naandika nimekushika mkono. Mji unaniambia, umemshika mkono Karafuu, mkono wake una joto. Naangalia mkono wangu. Umeshika bisibisi.”

Vidole vya Celina vilitulia juu ya kioo. Aliyajua maneno hayo. Mara ngapi naye ameangalia mkono wake, akaukuta na kopo la vifungo.

“Hapa ndipo tulipo na nafasi, Isidori. Ukiondoa hapa, nakupata wapi?”

“Usiniite jina langu humu. Ukiniita hivyo nasahau kwamba tunacheza.”

“Basi tusicheze.”

“Ndilo nililotaka useme. Mjomba amenipa chumba Masasi, nifungue karakana. Gari la mzigo linaondoka leo Buguruni. Cherehani zangu mbovu zimeshapakiwa.”

“Leo?”

“Saa tisa nitakuwa nimekaa mbele na dereva. Nitapiga hodi hapa mlangoni kwako. Ukisema karibu, nashuka, na Jumapili namleta mshenga kwa kaka yako. Anitukane, anifukuze, nitarudi na mwingine. Ila lazima nijue kwamba ndani kuna mtu anayenitaka niingie. Mimi siwezi kuvunja mlango peke yangu.”

“Ngoja nikupe jibu sasa hivi.”

Celina aliyatazama maandishi yake yakiwa yamening’inia pale.

“Hapana,” Isidori aliandika. “Sasa hivi utajibu kwa hofu kwamba naondoka. Mama yako amekuja kliniki, yuko hapo mjini na wewe. Kaa naye, mtazame usoni, halafu ndiyo unijibu. Ukinijibu baada ya kumtazama, nitajua ni jibu lenyewe.”

“Na nikinyamaza?”

“Nitapiga mara tatu kama adabu inavyotaka. Halafu nakwenda zangu, wala sitaingia tena humu. Mji wa mtu mmoja hauna maana, Karafuu, hata kama mtu huyo ni wewe.”

Akatoka. Waliomo mjini: 1.

Celina alibaki pale nyuma ya zipu, na kwa mara ya kwanza tangu aape alijua atafanya nini. Angesema karibu. Angesema kwanza kwenye simu, kisha kwa mama yake, kisha kwa kaka yake, kwa mpangilio huohuo, kwa sababu la kwanza lingempa nguvu ya la pili. Alitoka barazani akamwambia Severa kila kitu. Severa alisimamisha cherehani kwa kiganja.

“Nipe namba yake nimpigie mimi. Mimi sijaapa.”

“Sina. Ilikuwa kwenye laini iliyovunjwa.”

“Na humo mjini kwenu hakuitaja?”

“Neno humo halikai. Na mimi sikuwahi kuiomba, niliogopa kuwa nayo.”

Severa alitikisa kichwa taratibu. “Basi simu isikutoke mkononi. Ukienda chooni, nenda nayo.”

Hakwenda chooni. Alikula mihogo na simu mapajani. Saa nane walipofika Heriel na Mama Matilda kutoka kliniki, simu ilikuwa mbele yake juu ya meza ya kuuzia, kioo juu, mji umefunguliwa, nyumba imefungwa, Karafuu ameketi ndani anasubiri. Alimkalisha mama yake kwenye kiti chenye mto. Akamtazama usoni, kama alivyoambiwa. Aliona mwanamke aliyechoka, mwenye pamba ya sindano mkononi, anayemtabasamia. Na bado jibu lilikuwa lilelile.

Saa nane na nusu, Goodluck aliingia na shangazi yake.

Goodluck ana duka la jumla mtaa wa tatu, ni mtu wa kwao Machame, ndiye Heriel anayetaka awe shemeji yake, na hapo ndipo ugumu ulipo, kwa sababu hana baya. Hanywi, hapayuki, na siku mama alipolazwa alikuja na chupa ya mtori, supu ya ndizi ya kwao, bila kuambiwa. Angekuwa mshenzi, Celina angejua pa kuanzia.

“Tumepita tu kumjulia hali mama,” shangazi alisema, huku akikaa kama mtu ambaye hakupita tu.

“Karibuni sana,” Heriel alisema. “Celina, wapatie wageni soda.”

Celina alitazama saa ya ukutani. Tisa kasoro tano. Friji lilikuwa nyuma, hatua sita. Alikwenda na kurudi mbio, chupa tano kwenye sinia, bilauri tano zinagongana. Shangazi alikuwa anasema habari za mahindi, Mama Matilda anaitikia. Akasimama katikati yao, sinia mikononi, anampa mgeni kwanza akikunja magoti kidogo kama alivyofunzwa. Simu ikalia mlio mfupi.

Heriel aliichukua. “Yule mteja wa lasi amelipa nini?” Akakunja uso. “Hii nini? ‘Mtu yuko mlangoni. Anapiga hodi.’”

“Karibu!” Mama Matilda aliitikia, akigeukia mlango.

Mlangoni hapakuwa na mtu, ila Severa aliyekuwa ameacha kushona. Wageni wakacheka.

“Mama, ni simu,” Heriel alisema.

“Simu nazo siku hizi zinapiga hodi?”

“Matangazo, Mama. Ndiyo yanayomaliza bando.”

“Mimi sijui matangazo. Nikisikia hodi nasema karibu. Mtu haachwi mlangoni.”

Celina alihisi sinia linakuwa zito kama jiwe la kusagia. “Kaka, nipe hiyo simu.”

“Gawa soda kwanza, wageni wanakutazama.”

“Kaka, tafadhali.”

“Celina.” Heriel alisema kwa upole, ule wa mbele za watu. Simu ikalia tena mkononi mwake, akaitazama. “Linarudia hilihili. Anapiga hodi mara ya pili.”

Severa alinyanyuka barazani. “Kaka Heriel, hebu niazime simu mara moja, nimpigie mteja.”

“Fundi, na yako?”

“Imezima.”

Na hapo simu ya Severa, iliyokuwa juu ya cherehani, ikaita kwa sauti ya tarumbeta za kwaya. Goodluck alicheka kidogo. Severa aliitazama ile simu yake kama mtu anayemtazama mbwa aliyemuuma.

Celina alishusha sinia juu ya maroli ya zipu, chupa moja ikaanguka, akaiacha. Lakini shangazi alikuwa ameshasimama. “Sisi hatukai, tumeona mama ana nafuu, Bwana asifiwe. Kabla hatujatoka, tushikane mikono tumwombee.”

Katika familia ile, maombi yakitajwa hata mwizi angesimama kwanza. Heriel alilaza simu juu ya meza, kioo juu, akavua kofia. Mkono wa kushoto wa Celina ulichukuliwa na mama yake. Wa kulia uliingia katika kiganja cha Goodluck, kikavu, chenye heshima, kisichobana. Wote wakafumba macho isipokuwa yeye.

Meza ilikuwa hatua moja. Aliweza kuyasoma maandishi ya kijani toka pale alipo. Shangazi alianzia mbali, kwa wazee waliotangulia, akashuka kwa wagonjwa wote wa mahospitalini, akaja kwa madaktari. Celina aliwaza, hajapiga ya tatu. Anasubiri. Yuko mbele na dereva, ameshika simu kwa mikono miwili kama anavyoshika sindano ya cherehani akiitafutia tundu. Ningoje kidogo, Isidori. Yeye naye aliomba, lakini siyo aliloliomba shangazi.

Simu ikalia.

“Mtu yuko mlangoni. Anapiga hodi mara ya tatu.”

Alivuta mkono wa kushoto. Mama Matilda, aliyedhani binti yake ameguswa na maombi, aliubana zaidi, akauvuta kifuani kwake. Pamba ya sindano ilikigusa kidole cha Celina. Chini ya pamba, chini ya ngozi, moyo wa mama yake ulikuwa unapiga ovyo, mbili, kimya, moja, kimya. Angeuchomoa mkono ule kwa nguvu. Nguvu alikuwa nazo, kila siku anabeba maroli. Alisimama pale, mtu mzima, mwenye mikono miwili, na yote miwili ilikuwa ya watu wengine.

“Na hawa watoto, Bwana, ambao nia yao unaijua,” shangazi aliomba.

Kwenye kioo maandishi yalipanda mstari mmoja. “Mgeni amekwenda zake. Barabara imemrudisha sokoni.” Chini yake: Waliomo mjini: 2.

Wawili. Bado yumo. Yuko sokoni.

“Amina,” shangazi alisema, na wote wakaitikia. Goodluck alikuwa ameshafumbua macho, na Celina hakujua ni tangu lini. Alikuwa anamtazama yeye, kisha simu, kisha yeye. Akamwachia mkono wake wa kulia kwanza, akageuka, na kwa sauti iliyotulia akamuuliza Mama Matilda habari ya dawa zake, na kuinama kumsaidia kuketi, hata mama akalazimika kuuachia ule wa kushoto.

Celina aliirukia simu. Vidole vilikosea herufi mara mbili. “Fungua mlango.” Mlango umefunguka. “Nenda kusini.” Uko uchochoroni. “Nenda kusini.” Uko kwenye ngazi za msikiti. Mji ule hauna kukimbia, mwalimu hakuuwekea, alitaka watu wasome. “Nenda kusini.” Uko penye kisima. “Nenda kusini.”

“Uko sokoni. Hakuna mtu. Upepo unavuma kutoka baharini.”

Waliomo mjini: 1.

Aliusoma mstari ule mpaka kioo kilipojizima chenyewe. Mlangoni Severa alikuwa ameshika fremu kwa mikono yote miwili. Nje kipaza sauti kimoja kilikuwa kimeharibika, kinarudia nusu ya bei.

“Celina mwanangu,” Mama Matilda aliita kutoka kwenye kiti chake, bilauri ya soda mkononi, “yule aliyekuwa anapiga hodi kwenye simu, ameingia?”

“Hapana, Mama. Ameondoka.”

“Ameondoka?” Mama alishangaa, kwa dhati kabisa. “Mbona mimi nilimwambia karibu.”